Nyumba Inauzwa: Je, Mmekwenda Kuiona Wawili?

Somo letu la leo halitoki mbali. Linatoka kwenye kibao kilichopigiliwa misumari juu ya nguzo ya stima, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: nyumba inauzwa, piga simu. Vibao vya namna hiyo ni vingi ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea magharibi, ukishika Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, au Waiyaki Way mpaka Kangemi, Uthiru na Kinoo. Mume na mke waliochoka kulipa kodi ya nyumba kila mwezi hawawezi kukipita kibao hicho bila kugeuza shingo. Mimi niligeuza shingo, tena nikafanya zaidi ya hapo, na ndiyo sababu ya kuwaandikia.

Ilikuwa Alhamisi. Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa Waithaka, katika kipande cha futi 50 kwa 100. Vyumba vitatu vya mawe ya kuchonga, mabati yaliyoanza kushika kutu, jiko la nje, tangi la maji, ua wa kayaba, na mparachichi mkubwa nyuma. Haikuwa nyumba ya kujivunia mbele ya watu, lakini ilikuwa nyumba ambayo mtu wa mshahara mdogo anaweza kuiwazia bila kuchekwa. Bei yake ilikuwa chini sana ya bei za jirani. Jambo hilo peke yake lilipasa kunifungua macho. Badala yake lilinitia haraka. Kijana aliyenionyesha alisema kuna mtu mwingine anayekuja kesho na pesa mkononi. Basi Ijumaa asubuhi nikamtumia shilingi 50,000 kwa simu, "za kushikilia". Pesa hizo tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya karo.

Mama watoto nilimwambia Jumamosi usiku, watoto walipokwisha kulala. Nilidhani nitamfurahisha. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu: "Baba watoto, umeiona na nani?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kutafuta nyumba ni kazi ya mwanamume, na kwamba kazi yake itakuwa kupanga vyombo. Naona haya kuyaandika maneno hayo, lakini nayaandika kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyewahi kuyasema.

Jumapili baada ya Misa tulikwenda pamoja. Mimi nilitaka kumwonyesha vyumba, yeye hakuingia. Alisimama kwa mama mboga karibu na lango, akanunua sukuma wiki, akaulizia habari za maji, habari za wezi, habari za wenyeji. Kwa muda wa dakika kumi alijua mambo ambayo mimi sikuyajua tangu Alhamisi. Mwenye nyumba alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Kaburi lake lilikuwa pale pale nyuma ya mparachichi. Mimi nilikuwa nimelipita nikidhani ni tuta la maua. Kijana aliyepokea pesa zangu alikuwa wa tatu katika watoto sita, na dada zake wawili walioolewa hawakuwa na habari kwamba nyumba ya baba yao inauzwa.

Jina la marehemu

Wapendwa, hapa tusimame kidogo tujifunze. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila kibali cha mahakama. Watoto au mjane wanapaswa kwanza kupata hati ya kusimamia mirathi, na hati hiyo ithibitishwe na mahakama, ndipo ardhi au nyumba iweze kuuzwa. Kabla ya hapo, mtoto akiuza, hata awe kifungua mimba, hata awe na hati ya ardhi mkononi, anauza kitu ambacho bado si chake. Na wewe uliyenunua utabaki na karatasi ya mkataba, huku wenye haki wakikudai utoke.

Tena, mkataba wa kununua ardhi ni lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na sahihi hizo zishuhudiwe. Pesa zilizotumwa kwa simu na ahadi iliyotolewa chini ya mparachichi si mkataba wa ardhi. Nilipomwendea yule kijana kudai pesa zangu alinirudishia 20,000. Zilizobaki mpaka leo ni hadithi. Na nyumba? Nilipopita tena njia ile nilikuta kibao kingine ukutani, kipana kuliko cha kwanza, kilichoandikwa: hii nyumba haiuzwi. Nadhani dada zake walikwisha kupata habari.

Kwa nini mambo haya hutokea sana upande ule? Ni vizuri kujua asili ya mahali mnapotaka kulea watoto wenu. Dagoretti haikuwa sehemu ya jiji zamani. Ilikuwa ardhi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, ikaingizwa katika mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru. Miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilikusanya vipande vya mashamba vilivyotawanyika, ikavipima upya, na kuandika hati kwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mzee wa boma. Ndiyo maana hadi leo hati za huko husoma Dagoretti/Riruta, Dagoretti/Waithaka, Dagoretti/Uthiru, kisha namba. Ni ardhi ya kumilikiwa daima, isiyo na muda wa kwisha.

Mzee alipogawia wana wake, na wana wakagawia wana wao, shamba la eka chache likawa ploti. Baadhi ya migawanyo hiyo ilifika afisi ya ardhi, mingine iliishia mezani pa wazee. Kwa hiyo unaweza kuona nyumba moja ndogo yenye lango moja, na nyuma ya lango hilo kuna ukoo mzima wenye sauti.

Kwa upande mwingine, ukienda mitaa kama Lavington na Kileleshwa utakuta historia nyingine. Sehemu ya Lavington ilikuwa shamba la kahawa la misioni ya Mtakatifu Austin, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka wa 1899. Huko hati nyingi ni za kupangishwa na serikali kwa miaka maalumu, mara nyingi 99, na mnunuzi hana budi kuuliza imebaki miaka mingapi. Lakini wengi wetu Lavington tunaipitia tu ndani ya matatu namba 46 tukienda Kawangware, kwa hiyo nisikae sana huko.

Jina letu

Tuliporudi nyumbani Jumapili ile, mke wangu hakunicheka wala hakunilaumu kuhusu karo. Aliniuliza swali la pili, na hilo ndilo lililoninyima usingizi: "Kama ungeinunua, ungeandika jina la nani?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekusudia kuandika langu peke yangu. Sikuwa na nia mbaya. Baba yangu aliandika lake, na babu yangu pia. Lakini jioni ile niliona wazi kwamba shida ya nyumba ya Waithaka ilianza na jina moja katika hati. Mzee alikufa, na mkewe na watoto wake sita wakabaki na karatasi yenye jina la mtu aliye kaburini. Mimi nami nilikuwa tayari kuwaachia watu wangu karatasi ya namna ile ile.

Kuna waume wanaosema, "Mke wangu ananiamini, ya nini kuandika majina mawili?" Ndugu yangu, kwa kuwa anakuamini ndiyo sababu uandike. Na kuna wake wanaosema, "Nikidai jina langu ataona namtakia kifo." Dada yangu, sema naye, lakini usiseme siku mnayokwenda kutia sahihi kwa wakili, sema mapema, mkiwa na amani.

Sheria inasemaje? Kwa miaka mingi mahakama za Kenya zilipogawa mali ya mume na mke zilitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1882. Mwaka wa 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kuwa mke peke yake hakumpi mtu sehemu ya mali. Lazima aonyeshe mchango wake. Wanawake wengi walihuzunika. Mwaka wa 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Ndoa, nayo inatambua kwamba mchango si pesa tu. Kupika, kufua, kulea watoto, kulima shamba la nyumbani, kusimamia duka la familia, hata kuwa mwenzi wa mwenzako, vyote vimehesabiwa kuwa mchango.

Lakini msidanganyike kwamba kila kitu ni nusu kwa nusu. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa mume na mke ulioandikwa katika Katiba hauna maana ya kila mmoja kupewa nusu moja kwa moja. Mchango bado unathibitishwa. Mali ikiandikwa jina la mmoja, sheria ya 2013 inachukulia kwamba anamshikia na mwenzake, ila jambo hilo laweza kupingwa kwa ushahidi. Ikiandikwa majina yote mawili, inachukuliwa kwamba haki zao ni sawa. Sasa fikirini wenyewe: ni lipi lililo rahisi zaidi kwa mjane mwenye watoto wanne, kubishana kuhusu ushahidi wa miaka ishirini ya kupika ugali, au kutoa hati yenye jina lake?

Majina mawili nayo yana namna mbili. Namna ya kwanza, mmoja akifariki nyumba yote inabaki kwa mwenzake aliye hai. Namna ya pili, kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya marehemu inaingia katika urithi. Mwulizeni wakili ameandika ipi. Wengi hawaulizi, wakaja kujua siku ya msiba.

Na jambo hili hili mlitazame kwa muuzaji. Sheria hiyo ya 2013 inasema kwamba mali ya ndoa ya mume mmoja na mke mmoja haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili, na nyumba wanamoishi haiwezi kuwekwa rehani benki bila wote wawili kukubali kwa maandishi huku wakielewa wanachokikubali. Kwa hiyo mnaponunua kwa bwana mmoja, ulizeni mke wake yuko wapi, na aje atie sahihi. Akisema mke amesafiri, mngojeni arudi. Mimi naongeza la kwangu ambalo halimo katika sheria: nyumba iliyouzwa mke akilia jikoni, mimi siitaki hata kwa nusu ya bei.

Kuutazama mtaa

Nyumba mnaweza kuipaka rangi. Mtaa hamwezi kuupaka. Nendeni pale zaidi ya mara moja. Nendeni saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, mpande matatu mpaka mjini, mhesabu dakika na nauli. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022 kutoka Mlolongo inaishia Westlands; haiwafikishi watu wa Kangemi na Uthiru nyumbani, na wenye kuipita hulipa. Nendeni jioni, muone kama kuna taa njiani na kama mama anaweza kutembea kutoka stegi bila woga.

Tena nendeni mvua ikinyesha. Udongo wa upande wa magharibi ni mwekundu, mzuri kwa msingi kuliko ule mweusi wa Embakasi unaovimba na kupasua kuta. Lakini nchi hii ina mabonde mengi, na kila bonde lina kijito. Mto Nairobi wenyewe unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ukipita huku kwetu. Ploti ya bondeni huwa rahisi, na mvua za Aprili 2024 zilituonyesha sababu. Hata serikali ikija kudai ukingo wa mto wake, haiulizi mwenye nyumba alilipa kiasi gani. Mwaka wa 2018 bomoabomoa za kando ya mito zilifika Southend Mall huko Lang'ata na Ukay Centre huko Westlands, majengo ya matajiri wenye mawakili. Sembuse vyumba vyetu vitatu. Basi mwiteni mpima ardhi aliyesajiliwa awaonyeshe mawe ya mipaka, na aseme kama ploti imeingia katika hifadhi ya mto au ya barabara.

Maji nayo yaulizwe kwa majirani, si kwa muuzaji. Yanakuja siku ngapi kwa wiki? Kama ni ya kisima kilichochimbwa kwa mashine, je, yamepimwa? Visima vingi vya Nairobi vina madini ya floridi yanayochafua meno ya watoto. Baba Mtakatifu Fransisko alipoitembelea parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, tarehe 27 Novemba 2015, alisema wazi kwamba maji safi na makao yenye heshima ni haki ya kila familia, akawakemea wanyakuzi wa ardhi wanaofikia hata viwanja vya michezo vya shule. Kwa hiyo ulizeni na hili: je, ploti mnayoonyeshwa haikuwa uwanja wa watoto wa shule? Wazee wa mtaa wanakumbuka.

Kabla ya kutoa pesa

Mkisharidhika na mtaa, ndipo mwende kwa karatasi. Fanyeni sachi katika kumbukumbu za ardhi. Zamani kwa Nairobi ilikuwa kupanga foleni Ardhi House. Tangu tarehe 27 Aprili 2021 kuna mfumo wa kompyuta uitwao Ardhisasa, na kijana wenu wa sekondari anaweza kuwasaidia kujisajili. Angalieni jina la mwenyewe, ukubwa wa kipande, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu. Muwe macho: hati ya Kinoo husoma Dagoretti, lakini Kinoo ni kaunti ya Kiambu, na kumbukumbu zake ni za huko. Kama kipande kimehesabiwa kuwa shamba, kuna kuomba idhini ya bodi ya ardhi ndani ya miezi sita, na mbele ya bodi ni desturi muuzaji aje na mkewe na watoto wake wakubwa. Kama ningalipitia njia hiyo, wale dada wawili wa Waithaka wangaliitwa.

Tafuteni wakili wenu, msitumie wa muuzaji ili kuokoa pesa. Kwa kawaida mnatoa asilimia 10 mnapotia sahihi mkataba, na yaliyobaki hulipwa baadaye, mara nyingi ndani ya siku 90. Halafu kuna ushuru wa stempu, ambao wengi huusahau. Mjini ni asilimia 4 ya thamani kama atakavyoikadiria mthamini wa serikali. Nyumba ya shilingi milioni 5 ina ushuru wa 200,000, mbali na ada ya wakili na ya mpima ardhi. Kama mmekopa kwenye sacco kiasi cha bei tu, hapo ndipo karo huguswa, na hapo ndipo ugomvi huingia nyumbani.

Sisi wenyewe bado tunapanga. Tunaweka akiba katika akaunti moja ambayo haitoki shilingi bila sahihi mbili, na huo ulikuwa uamuzi wake, si wangu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani, watoto wakishalala: Hati ya kila kipande tulicho nacho, cha mjini na cha nyumbani kwa wazazi, imeandikwa jina la nani, na iko wapi usiku huu? Je, kila mmoja wetu anajua mwenzake anadaiwa kiasi gani? Kama tungeona kibao kesho, ni pesa gani ambazo tumekubaliana haziguswi? Na ni nani kati yetu anayejua kuongea na mama mboga?